Mtambo Uliosimama Haulishi Mtu: Jinsi Makro Inavyofupisha Kazi ya Kupanga Majiliwa

Mwaka huu sikuandika kisa cha sungura na fisi. Nimeamua kuwaeleza jambo nililoliona kwa macho yangu likizo ya Agosti katika karakana ya mjomba wangu, mahali ambapo chuma huchongwa kwa nambari. Msikimbie kwa sababu nimetaja nambari. Anayejua kujumlisha na kutoa atafika nami mwisho wa safari.

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa pembeni nikitazama mtambo ukichonga vifuniko vya pampu za maji. Mara pakasikika mshindo kama wa mlango wa lori uliobamizwa, kisha mlio wa kukwaruza, kisha kimya. Mwanagenzi wa mjomba, kijana aliyenizidi miaka miwili tu, alikuwa ameshika kitufe chekundu cha kusimamishia mtambo huku mkono ukimtetemeka. Kisu cha kukatia kilikuwa vipande viwili. Taya la jiliwa la sita lilikuwa na kovu refu jeupe. Yule kijana hakusema neno. Alijua kuwa kisu kile kilikuwa ghali kuliko mshahara wake wa siku kadhaa, na alijua pia kwamba hilo lilikuwa kosa lake la pili tangu mwezi uanze.

Je, alikosea nini? Alitakiwa aandike -150, akaandika -105. Basi! Nambari mbili zilibadilishana nafasi, na hasara ikaingia.

MTAMBO UNAOTII NAMBARI

Kabla sijaendelea yafaa nieleze mtambo wenyewe. Mitambo hii huitwa CNC. Ni mashine za kuchonga au kukereza chuma ambazo haziendeshwi kwa mkono wa fundi kuzungusha gurudumu, bali kwa tarakilishi iliyomo ndani yake inayosoma maagizo mstari kwa mstari. Agizo husema: nenda kulia milimita kadhaa, shuka milimita kadhaa, kata kwa mwendo fulani.

Asili yake ni Marekani. Mwanaviwanda John T. Parsons, ambaye kampuni yake ilitengeneza mapanga ya helikopta, alitaka njia ya kuchonga maumbo yaliyopinda kwa kufuata nambari zilizokokotolewa. Kazi hiyo ikapelekwa katika chuo cha MIT, na mwaka 1952 mtambo wa kwanza wa namna hiyo ukaonyeshwa hadharani ukisoma maagizo kutoka kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Siku hizi utepe haupo tena, lakini fikra ni ile ile.

Hapa kwetu Kenya jambo hili si geni. Mtakumbuka kusikia habari za gari la Nyayo, mradi ulioanza mwaka 1986, na magari yake ya majaribio yakaonyeshwa watu mwaka 1990. Magari hayo hayakufika sokoni, lakini shirika lililoundwa kwa ajili yake liligeuzwa mwaka 1994 likawa Numerical Machining Complex, jijini Nairobi. Jina hilo lenyewe lina maana ya mahali pa kuchonga kwa nambari. Isitoshe, baadhi ya vyuo vya ufundi nchini hufundisha kazi hii, kwa hivyo huenda baadhi yetu tukakutana nayo baada ya kumaliza masomo hapa.

SIFURI YA KAZI

Mtambo una mihimili mitatu. X ni ya kulia na kushoto, Y ni ya mbele na nyuma, Z ni ya juu na chini. Una pia sifuri yake yenyewe, mahali pamoja pasipobadilika, mara nyingi pembeni kabisa mwa mwendo wake. Ndiyo maana vipimo vingi vinavyohesabiwa kutoka hapo huwa na alama ya kutoa.

Lakini programu ya kuchonga kifuniko cha pampu haijui kifuniko kimefungwa wapi juu ya meza. Inajua tu umbo lake: tundu hili liko milimita 20 kutoka ukingoni, lile liko milimita 40. Ukingo huo uko wapi? Hilo ni lazima mtambo uambiwe. Fundi hupima na kuandika umbali kutoka sifuri ya mtambo hadi kona ya kazi. Kona hiyo ndiyo ninayoiita sifuri ya kazi. Mitambo mingi ina nafasi sita za kawaida za kuhifadhi sifuri kama hizo, nazo zinaitwa G54, G55, G56, G57, G58 na G59.

Sasa tazameni hesabu ya mjomba. Ana bamba nene la chuma ambalo juu yake amefunga majiliwa sita madogo kwa safu. (Jiliwa ndilo lile koleo kubwa la mezani la kubania chuma. Mafundi wa jua kali huliita vaisi.) Kila jiliwa hushika kifuniko kimoja, na mtambo huchonga sita kwa mpigo mmoja. Majiliwa sita ni sifuri sita. Kila sifuri ina X, Y na Z. Sita mara tatu ni kumi na nane. Kwa hivyo kila bamba linaporudishwa mezani baada ya kazi nyingine, fundi hupapasa ukingo wa kila jiliwa, husoma nambari kwenye kioo, hutoa au kujumlisha, kisha huandika nambari kumi na nane, kila moja na alama yake na nukta yake.

Nilitazama saa yangu ya mkononi. Jiliwa moja lilichukua dakika saba hivi. Yote sita yalikula dakika 42. Muda huo wote mtambo ulikuwa umesimama, na mtambo uliosimama haulishi mtu. Mbaya zaidi, kila nambari kati ya zile kumi na nane ilikuwa nafasi ya kukosea. Mwanagenzi aliandika kumi na saba sawasawa. Moja tu ndiyo iliyovunja kisu.

KAZI YA NDANI NA KAZI YA NJE

Nilidhani mjomba angemfukuza yule kijana. Hata mimi nilianza kuangalia viatu vyangu. Mjomba alifagia vipande vya kisu akaviweka mezani, kisha akasema, "Kijana, umekosea, na kisu hiki nitakikumbuka. Lakini kazi ya kunakili nambari kumi na nane kila siku nimekupa mimi. Nikikufukuza leo, kesho nitaleta mwingine, naye ataandika vibaya siku yake. Hebu tuibadilishe kazi yenyewe."

Jioni hiyo alitusimulia habari za Mjapani aitwaye Shigeo Shingo. Mwaka 1969, katika kiwanda cha Toyota, kulikuwa na mashinikizo ya tani 1,000 ya kupondea mabati ya magari. Kubadilisha kalibu katika shinikizo kama hilo kulichukua saa nne. Shingo na wafanyakazi walilipunguza zoezi hilo hadi dakika 90, halafu hadi dakika tatu. Hawakukimbia. Walitenga kazi za aina mbili: ile ambayo lazima ifanywe mtambo ukiwa umesimama, na ile inayoweza kufanywa nje wakati mtambo ungali unafanya kazi. Kila kilichoweza kuhamishwa kwenda nje kilihamishwa.

"Sasa niambieni," mjomba akauliza, "katika kazi yetu, ni lipi lazima lifanywe mtambo ukiwa umesimama?"

Mwanagenzi, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajafungua kinywa, alijibu, "Kupapasa jiliwa la kwanza, mzee. Hayo mengine matano hayajasogea. Yamefungwa kwenye bamba moja."

Naam! Hapo ndipo fundo lilipofunguka. Majiliwa yamekazwa kwenye bamba kwa pini na skrubu. Ukijua lilipo la kwanza, na ukijua umbali kutoka moja hadi jingine, basi hayo mengine hayahitaji kupapaswa. Yanahitaji kuhesabiwa. Na anayehesabu bila kuchoka ni nani? Ni mtambo wenyewe.

MAKRO NI NINI?

Programu ya kawaida ni kama barua iliyokwisha kuandikwa: jina, tarehe na kila kitu. Makro ni kama ile fomu ya ruhusa ya kutoka shuleni. Maneno yamechapishwa tayari, lakini pameachwa nafasi tupu za jina, siku na sababu. Mwalimu wa zamu haandiki barua mpya kwa kila mwanafunzi. Hujaza nafasi, basi.

Nafasi hizo kwenye makro huandikwa kwa alama ya reli na nambari: #1, #7, #24 na kadhalika. Mimi naziita visanduku, kwa maana kila kimoja huwekwa nambari ndani yake. Mtambo wa mjomba unatumia lugha ya Fanuc ya Japani, ambayo ni maarufu sana duniani. Mitambo ya makampuni mengine ina maandishi yake tofauti, ingawa fikra zafanana. Katika lugha hii visanduku vina tabia zake. Visanduku #1 hadi #33 ni vya makro moja tu, na makro ikimaliza navyo hufutika. Vile vya #100 na kuendelea hutumiwa na programu zote, lakini kwa kawaida hupotea umeme ukizimwa. Vile vya #500 na kuendelea hubaki na nambari zake hata mtambo ukilala usiku kucha. Kumbukeni hivyo vya mwisho. Tutarudi kwavyo.

Aidha, makro inaweza kufanya mambo matatu ambayo programu ya kawaida haiwezi. Inaweza kufanya hesabu. Inaweza kuuliza swali, "ikiwa hivi, nenda kule." Na inaweza kurudia kazi mpaka sharti fulani litimie.

Hii hapa makro ya kwanza tuliyoiandika juu ya kipande cha katoni:

O9010
#10=1
WHILE[#10 LE #1]DO1
G90 G10 L2 P#10 X[#24+[#10-1]*#7] Y#25 Z#26
#10=#10+1
END1
M99

Msiogope. Tuisome pamoja. Mstari wa kwanza ni jina lake, 9010. Wa pili unaweka 1 katika kisanduku #10. Hicho ndicho kihesabio chetu, yaani sasa tunashughulikia jiliwa la kwanza. Wa tatu wasema: maadamu #10 haijazidi #1, rudia yafuatayo. Kisanduku #1 kina idadi ya majiliwa. Wa nne ndio moyo wa makro. G10 L2 ni agizo la kuandika sifuri ya kazi, na P husema ni sifuri ipi: P1 ni G54, P2 ni G55, hadi P6 ambayo ni G59. Wa tano unaongeza moja kwenye kihesabio. Wa sita unarudisha mtambo kwenye mstari wa tatu kuuliza tena. Wa mwisho unasema: rudi ulikotoka.

Fundi huiita makro hiyo kwa mstari mmoja tu:

G65 P9010 A6. D110. X-700. Y-220. Z-380.

Herufi A hupeleka 6 katika kisanduku #1. Herufi D hupeleka 110, umbali wa jiliwa hadi jiliwa, katika #7. Herufi X, Y na Z hupeleka mahali pa jiliwa la kwanza katika #24, #25 na #26. Nambari kumi na nane zimekuwa tano, na kati ya hizo, mbili hazibadiliki siku zote.

Na hiyo -700 ilitoka wapi? Fundi alifunga kipapasio cha kutafutia ukingo chenye upana wa milimita 10, akakisogeza polepole kutoka kushoto mpaka kikagusa jiliwa la kwanza. Kioo kilionyesha -705. Lakini hapo ni katikati ya kipapasio, si ukingoni. Nusu ya 10 ni 5, kwa hivyo ukingo wenyewe uko -705 + 5, yaani -700.

MWALIMU WA HISABATI ALIKUWA NA HAKI

Sasa wenzangu, tazameni tena kile kipande cha mstari wa nne: #24+[#10-1]*#7. Mimi nilipokiona niliruka kutoka kwenye kiti. Nilikuwa nimekiona mahali! Si ndiyo ile kanuni ya mfululizo wa nambari tuliyoimba darasani mpaka tukachoka? Anza na a, kisha ongeza d mara n toa moja. Hapa a ni -700, d ni 110, na n ni nambari ya jiliwa. Jiliwa la kwanza: -700 jumlisha 110 mara sifuri, ni -700. La pili ni -590. La tatu -480, la nne -370, la tano -260. Na la sita? -700 jumlisha 110 mara tano. Fanyeni wenyewe. Ni -150, nambari ile ile ambayo asubuhi ilikuwa imeandikwa -105 na kuvunja kisu.

Nakiri mbele ya walimu kwamba niliwahi kuuliza darasani, "Kanuni hii itatusaidia nini maishani?" Watu wakacheka. Leo naomba radhi. Kanuni ile ilikuwa na uzito wa kisu kizima cha chuma kigumu.

BAMBA LILIPODANGANYA

Kesho yake tuliwasha mtambo. Mjomba alipunguza mwendo hadi wa kobe, akainua kisu milimita 100 juu ya kazi, akaendesha programu hatua moja moja kikikata hewa tupu. Kisu kilisimama juu ya kila jiliwa mahali pake. Kupanga kazi yote, tangu kupapasa jiliwa la kwanza hadi kisu kuanza kukata, kulichukua dakika tisa. Tulipigiana makofi.

Lakini vifuniko vilipotoka tukavipima. Vitano vilikuwa sawa. Cha tatu kilikuwa kimekwenda kando kwa milimita 0.06. Mtaona ni kitu kidogo, unene wa unywele hivi. Kwa kifuniko kinachotakiwa kuzuia maji yasivuje, kidogo hicho ni kingi, na mteja angekirudisha.

Nilidhani tumekosea hesabu. Tulirudia mara tatu. Hesabu haikuwa na kosa. Mjomba alipima bamba lenyewe, akakuta matundu ya pini za jiliwa la tatu yalitobolewa milimita 220.06 kutoka la kwanza badala ya 220. Hesabu ilisema kweli juu ya bamba lililo kamili. Bamba letu halikuwa kamili. Hapa ndipo wengi wanapolaumu makro, kumbe makro inarudia kile ilichoambiwa, kiwe kweli au uongo.

Dawa yake ilikuwa vile visanduku visivyosahau. Mjomba alipima umbali halisi wa kila jiliwa kutoka la kwanza, mara moja tu, bila haraka. Akauandika katika visanduku #501 hadi #506: sifuri, 110, 220.06, 330 na kuendelea. Kisha katika mstari wa nne tukaondoa ile kanuni nzuri tuliyoipenda, tukaweka #24+#[500+#10]. Maana yake: chukua 500, ongeza nambari ya jiliwa, kisha fungua kisanduku chenye nambari hiyo. Jiliwa la tatu linafungua #503 na kupata 220.06. Umeme ukipotea, na mnajua jinsi unavyopotea, nambari zinabaki. Siku jiliwa likibadilishwa, hupimwa hilo moja na kisanduku chake kurekebishwa.

TUPU SI SIFURI

Kazi ilikuwa bado. Mjomba alimwuliza mwanagenzi, "Itakuwaje siku ukisahau kuandika X?" Kijana akafikiri. Kwenye lugha hii, kisanduku ambacho hakikujazwa si sifuri. Ni tupu, na hutambulikana kwa #0. Kuna tofauti. Mfuko wenye shilingi sifuri na kutokuwa na mfuko kabisa si mamoja. Kwa hivyo makro inaweza kuuliza: je, kisanduku hiki ni tupu? Kikiwa tupu, simama kabla hujaandika chochote.

Aliongeza mistari hii mwenyewe, akiandika na kufuta, mwanzoni mwa makro:

IF[#1 EQ #0]GOTO90
IF[#24 EQ #0]GOTO90
IF[#25 EQ #0]GOTO90
IF[#26 EQ #0]GOTO90
IF[#1 GT 6]GOTO91

Na mwishoni, baada ya M99:

N90 #3000=1(KISANDUKU TUPU)
N91 #3000=2(JILIWA NI SITA TU)

Agizo #3000 husimamisha mtambo na kuonyesha onyo kwenye kioo, pamoja na maneno yaliyo ndani ya mabano. Tulijaribu kwa makusudi kuita makro bila X. Mtambo ulikataa kusonga, na kwenye kioo cha mtambo uliotoka ng'ambo, katikati ya maneno ya Kiingereza, pakaandikwa: KISANDUKU TUPU. Mwanachama mwenzangu wa Chama cha Kiswahili, ungekuwepo ungefurahi kama nilivyofurahi mimi. Mjomba akasema, "Si lazima mtu aonywe kwa lugha asiyoiota."

Kuna tahadhari nyingine nilizoziandika kwenye daftari, nami nawapa bure. Kwanza, ile G90 kwenye mstari wa nne msiisahau. Mtambo ukiwa katika hali ya G91, nambari huongezwa juu ya sifuri ya zamani badala ya kuchukua nafasi yake, na mambo huharibika. Pili, makro hii yadhani bamba limelala sambamba na mhimili X. Kwa hivyo papasa jiliwa la kwanza na la sita upande wa Y na ulinganishe. Zikitofautiana, bamba limekaa mshazari, linyooshe kwanza. Tatu, kila makro mpya ikate hewa kabla ya kukata chuma. Nne, si kila mtambo una ruhusa ya makro. Kwa baadhi yake huduma hiyo hununuliwa kando, kwa hivyo uliza kabla ya kujisumbua.

Viwanda vyenye uwezo huenda mbele zaidi. Hutumia probu, yaani kidole chenye kitufe cha duara nchani kinachofungwa mahali pa kisu. Mwairishi mmoja, David McMurtry, aliibuni probu ya namna hii mwaka 1972 akiwa katika kampuni ya Rolls-Royce, walipotatizika kupima mabomba membamba ya injini za ndege ya Concorde. Mwaka uliofuata yeye na John Deer wakaanzisha kampuni ya Renishaw. Kwa agizo la G31 mtambo husogeza probu mpaka iguse chuma, kisha huacha mwendo na kuhifadhi mahali ilipogusa katika visanduku #5061, #5062 na #5063. Makro huongeza nusu ya upana wa kile kitufe, kama tulivyofanya na ile 5 yetu, na kuandika sifuri pasipo mtu kugusa kibonye. Mjomba hana probu bado. Lakini makro yake iko tayari kuipokea.

HITIMISHO

Alhasili, makro haikufanya kisu kikate haraka zaidi. Kisu kilikata kwa mwendo ule ule. Kilichopungua ni ule muda mtambo ulipokuwa ukimngoja mtu, na zile nafasi za mtu kukosea. Dakika 42 zilikuwa tisa. Nambari kumi na nane zilikuwa tano, kisha nne, kwa sababu ile ya D haikuhitajika tena baada ya kutumia visanduku #501 na kuendelea. Oda ya vifuniko ilikamilika siku moja kabla ya tarehe aliyotaka mteja.

Na mwanagenzi? Siku niliyoondoka nilimkuta ameandika makro yote kwa mkono wake safi na kuibandika ukutani kando ya mtambo. Chini yake alikuwa ameshikiza kwa waya kipande kimoja cha kile kisu kilichovunjika. Nilimwuliza kwa nini asikitupe. Akanijibu, "Ndugu yangu, hiki ndicho kilichoiandika."

Wenzangu, wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tukirudi darasani kesho na mwalimu akaandika a, n na d ubaoni, tusisinzie. Pengine kuna kisu mahali fulani kinachotungoja.